Mtoto Asimama Dede, Baba Yuko Safarini

Jua lilikuwa linakuchwa nyuma ya vilima vya Kigali. Katika nyumba moja iliyo kwenye mteremko wa Kacyiru, mama kijana alikuwa ameketi barazani akichambua maharage katika ungo. Mbele yake mwanawe wa kike, mwenye umri wa miezi 11, alikuwa amekishika kigoda kwa mikono miwili. Mtoto akauachia mkono mmoja, kisha wa pili. Akasimama dede, magoti yakimtetemeka, macho yamemtoka kwa mshangao. Mama akaacha kuchambua. Kimoyomoyo akahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mtoto akaketi kwa kishindo, akacheka.

Mama akageukia mlangoni, kana kwamba amtafute mtu wa kumwambia. Hapakuwa na mtu. Baba wa mtoto, sajini wa polisi, alikuwa Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, pamoja na kikosi cha polisi wa Rwanda kilichokuwa huko chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Alipoondoka nyumbani mtoto alikuwa na miezi 7, ndiyo kwanza anaketi bila kuegemezwa. Ilikuwa arudi baada ya mwaka mmoja.

Hali hiyo si ngeni katika familia za askari. Tangu mwaka 2014 polisi na wanajeshi wa Rwanda wamekuwa wakitumikia ujumbe wa Umoja wa Mataifa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wengine wamepelekwa Sudani ya Kusini. Hata askari asiyevuka mpaka ana zamu zake za usiku, ana lindo lake, na ana amri ambayo haingoji mtoto aamke. Kacyiru yenyewe ni kilima cha kazi. Makao makuu ya polisi yako hapo, wizara kadhaa ziko hapo, na Urugwiro, iliyo ofisi ya Rais wa nchi, iko hapo. Lakini nyuma ya majengo hayo makubwa kuna nyua ndogo zenye kamba za kuanikia nguo, na katika nyua hizo watoto wanajifunza kutembea, kushika kijiko na kusema neno la kwanza. Mzazi mmoja anaona. Mwingine anasimuliwa.

Hapo ndipo linapozuka swali linalowahusu wengi: mtoto hukuaje wakati baba hayupo, na baba arejeapo aanzie wapi?

HATUA HAIENDI KWA MASHINDANO

Baada ya sajini kuondoka, mama yake mzazi alihama kutoka Nyamirambo, akaja Kacyiru kukaa na mkazamwana wake. Bibi huyo alikuta jambo moja ambalo halikumpendeza. Mtoto alikuwa hashuki mgongoni. Asubuhi alikuwa kwenye mbeleko, sokoni kwenye mbeleko, na wakati wa kufua nguo bado kwenye mbeleko. Bibi hakuidharau mbeleko. Hapo kale Wanyarwanda walibeba watoto kwa ngozi laini iitwayo ingobyi. Leo wengi wanatumia kitenge au taulo, lakini joto la mgongo wa mama ni lile lile, na mtoto aliye mgongoni anaona watu na kusikia mazungumzo. Hata hivyo, bibi alijua kwamba miguu haijifunzi kazi yake ikiwa inaning'inia.

Mama naye alikuwa na hofu yake. Mtoto wa jirani alikuwa ametembea akiwa na miezi 10, na jirani hakuacha kulitangaza jambo hilo kila alipokuja kuomba chumvi. "Wako bado?" aliuliza. Neno hilo dogo lilimnyima mama usingizi. Akawa anamwinua mtoto kwa nguvu, anamburura mikono juu, na mtoto analia.

Laiti mama huyo angejua yaliyopimwa, angelala. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 waliofuatwa katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walikuwa na afya njema na walilishwa vizuri. Hata hivyo hawakutembea kwa wakati mmoja. Kuna waliotembea peke yao wakiwa na miezi 8 na siku chache, na kuna waliongoja hadi miezi 17 na nusu. Wote hao walihesabiwa kuwa wazima. Tena, watoto 4 hivi katika kila 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Walipitia njia yao nyingine, wakasimama na kwenda zao. Basi mtoto wa jirani aliyewahi hana tuzo ya kupokea, na mtoto wa miezi 11 anayesimama dede hana deni la kulipa.

Lakini kusema kwamba hakuna mashindano si kusema kwamba mzazi akunje mikono. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, alichapisha habari za watoto wa kijiji cha Kokwet, nchini Kenya, miongoni mwa Wakipsigis. Huko wazazi walikuwa na desturi ya kuwafundisha watoto wao kuketi na kutembea. Kwa kuketi, walichimba kishimo kidogo ardhini, wakamweka mtoto humo na kumzungushia nguo ili asianguke. Kwa kutembea, walimshika mikono na kumwongoza kila siku. Watoto hao waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, karibu mwezi mmoja. Ila katika kutambaa, jambo ambalo wazazi wao hawakulifanyia mazoezi, hawakuwatangulia wenzao. Fundisho lake ni wazi: ujuzi wa mtoto hukua pale unapopewa nafasi na mazoezi ya kila siku.

Bibi wa Nyamirambo hakuwa amesoma habari za Kokwet. Alichofanya ni kutandika mkeka. Kila asubuhi, umande ukishakauka, alimwondoa mtoto mgongoni na kumweka chini, viatu kavuliwa, kigoda kimoja kikiwa mbele yake. Siku ya pili alikisogeza kigoda mbali kidogo. Siku ya tatu aliweka kikombe cha plastiki juu yake. Hakumvuta mtoto, wala hakumwita kwa kelele. Alipoanguka, bibi alisema "Pole, mama," akangoja. Mtoto alipofikisha miezi 13 alikiacha kigoda, akaenda tete hatua tatu, akaangukia magotini pa bibi yake. Mama, aliyekuwa akianika nguo, aliziangusha zote chini.

MKONO, KIJIKO NA UFAGIO

Watu husifu zaidi miguu ya mtoto, lakini mikono yake ina kazi kubwa vilevile. Hapo awali mtoto huyo alikuwa akikamata kila kitu kwa kiganja kizima. Kabla ya kufikisha mwaka mmoja aliweza kuokota punje moja ya wali kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kwa makini kama sonara. Baada ya hapo hakuna kilichosalimika: sindano, kifungo cha shati, mdudu apitaye sakafuni.

Alipofika miezi 16 alikitaka kijiko. Uji wake ulikuwa wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi unaojulikana sana Rwanda, na kwa wiki mbili uji huo ulipakwa kwenye nyusi, masikio na mkeka kuliko ulivyoingia mdomoni. Mama alitaka kukinyang'anya kijiko ili kazi iishe upesi. Bibi akapata njia ya kati: vijiko viwili. Kimoja cha mama, cha kushibisha. Kimoja cha mtoto, cha kujifunzia. Hivyo mtoto alishiba na mkono wake ulisoma.

Chakula chenyewe si jambo la kupuuzwa, maana mwili usiolishwa haujengi ujuzi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Rwanda mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Miaka mitano kabla yake walikuwa 38. Hesabu hiyo ilikuwa imeshuka, lakini bado ilikuwa ni mtoto mmoja katika kila watatu. Mtoto anayedumaa aghalabu si yule asiyekula kabisa, bali ni yule anayekula kitu kimoja tu kila siku, au anayeugua kuhara mara kwa mara. Ndiyo maana mama huyu aliendelea kumnyonyesha mwanawe, akaongeza maharage yaliyopondwa, dodo, dagaa waliosagwa, parachichi na yai kila lilipopatikana, na akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chungu. Katika kila kijiji, yaani umudugudu, wapo washauri wa afya wanaopima uzito wa watoto na unene wa mkono. Mzazi asiwakimbie kwa kuona haya. Vilevile asisahau sindano ya surua, ambayo nchini Rwanda hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 15. Wengi hukumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili kwa kuwa mtoto sasa anakimbia na anaonekana mzima.

Kadiri mikono ilivyopata ustadi, mtoto akaanza kuiga. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, watu wa mtaa walipotoka na majembe na mafyekeo kwenda kwenye umuganda, yeye alishika kijiti na kuchimba ukingo wa ua kwa bidii. Bibi alipofagia, naye alifagia, akitawanya tena takataka zote zilizokusanywa. Kazi ya bibi ikawa mara mbili, lakini hakumfukuza. Mtoto anayefukuzwa kwenye kazi akiwa na mwaka mmoja na nusu, atakapotafutwa akiwa na miaka kumi hataonekana.

NENO "MOTO" LINA MAANA MBILI

Mtoto wa Kigali huzaliwa katikati ya lugha nyingi. Mama alimsemesha kwa Kinyarwanda. Bibi, kama wazee wengi wa Nyamirambo, alimsemesha kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017. Redioni kulikuwa na Kifaransa na Kiingereza. Jirani akaonya kwamba mtoto atachanganyikiwa, hatasema lolote.

Mtoto hakuchanganyikiwa. Neno lake la kwanza la kueleweka lilikuwa "mazi", ambalo halikuwa "amazi" ya mama wala "maji" ya bibi, lakini wote wawili walimletea kikombe. Neno la pili lilikuwa "moto". Alilitamka kila pikipiki ya abiria ilipopanda kilima, kwa kuwa mjini Kigali pikipiki hizo huitwa moto. Bibi naye alikuwa akimwonyesha jiko la makaa na kumwambia, "Moto! Usiguse." Kwa siku kadhaa mtoto alilitazama jiko, akasikiliza barabarani, akalitazama tena jiko. Kisha akatatua fumbo lake mwenyewe: pikipiki aliita "moto" huku akinguruma, na jiko aliita "moto" huku akirudisha mkono nyuma. Mtoto anayesikia lugha mbili au tatu kutoka kwa watu wampendao ana kazi zaidi, lakini ana uwezo wa kuifanya. Kinachomchelewesha ni kimya. Mzazi na azungumze na mtoto anapomwosha, anapomvika, anapopika. Amtajie vitu, angoje jibu hata kama jibu ni mlio tu. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa papo hapo Kacyiru mwaka 2012, ina vitabu vya picha kwa ajili ya watoto, na mtoto wa mwaka mmoja aliyepakatwa anaweza kuonyesha kwa kidole ng'ombe aliyechorwa, hata kama hajui kumtaja.

Simu je? Kila Jumapili sajini alipiga simu yenye picha kutoka Bangui. Mtoto aliilamba, akaigeuza kutafuta mtu aliye nyuma yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya televisheni au simu kutazama tu. Aliyetimiza mwaka mmoja afadhali acheze mwilini kwa jumla ya muda usiopungua saa tatu kwa siku, na alale saa 11 hadi 14 pamoja na usingizi wa mchana. Lakini kuzungumza na baba anayejibu si kutazama tu, mradi mazungumzo yawe mafupi na mama awepo kumwambia mtoto, "Huyu ndiye papa."

Alipokaribia miezi 18, mtoto alipata neno kubwa kuliko yote: "oya", yaani hapana. Oya kwa uji, oya kwa kuoga, oya kwa kulala, na mara nyingine oya kwa kitu alichokuwa akikililia. Wazazi wengi huliona neno hili kuwa ni utovu wa adabu. Kwa hakika ni ujuzi mpya kama ule wa kusimama. Mtoto amegundua kwamba yeye ni mtu, na kwamba anayo nia yake. Aelekezwe kwa upole na msimamo, apewe nafasi ya kuchagua jambo dogo, kama vile shati jekundu au la buluu, na lile lisilochagulika lifanywe bila ugomvi.

MIGUU IMEWAHI, AKILI HAIJAFIKA

Mtoto anayeanza kutembea ana miguu ya msafiri na akili ya mgeni. Anafika mahali kabla ya kujua kuna nini. Jiko la makaa lililoachwa uani, sufuria ambayo mshikio wake umetokeza nje, kamba ya birika la umeme inayoning'inia: vyote hivyo humwita. Beseni la kufulia lenye maji ya kina cha vidole vichache laweza kumzamisha mtoto kimya kimya, maana kichwa chake ni kizito na hana nguvu ya kujiinua. Nyumba za vilimani zina ngazi, na mitaro ya Kigali hujaa ghafla mvua za kuanzia Machi hadi Mei zinapoanguka kwa nguvu. Karanga nzima na punje ngumu za mahindi huziba koo. Dawa za binadamu, mafuta ya taa na sabuni ya maji visiwekwe kamwe katika chupa ya soda.

Mzazi mwenye busara hamfungi mtoto kwa ajili ya hatari hizo, bali huiondoa hatari. Bibi aliwahi kumwambia mkazamwana wake, "Mwanangu, piga magoti utambae kama yeye, ndipo utaona anachokiona." Mama alitambaa nyumba nzima jioni moja akicheka, akaokota chini ya kitanda wembe mmoja na vidonge viwili.

Zipo pia dalili za kumpeleka mtoto kwenye kituo cha afya bila kungoja: akifikisha miezi 18 asitembee, au asitamke neno lolote wala kuonyesha kwa kidole anachotaka, akiwa hageuki asikiapo sauti, au akiupoteza ujuzi aliokwisha kuwa nao. Kuchelewa peke yake si ugonjwa, lakini kupimwa mapema hakujamdhuru mtu.

BABA AREJEA

Sajini alirudi mtoto alipokuwa na miezi 19. Aliingia uani akiwa na sare na buti, mkononi ameshika mwanasesere mkubwa. Kwa miezi sita alikuwa ameitazama ile picha ya mtoto akienda tete hatua tatu, usiku baada ya doria, hata akaijua kila sekunde yake. Alikwenda moja kwa moja, akamnyakua mwanawe na kumwinua juu.

Mtoto alipiga yowe lililowatoa majirani nje. Alijipinda, akampiga baba yake kifuani, akamnyooshea mama mikono. Sajini alimrudisha. Usoni alitabasamu, lakini wakati wa chakula hakula. Siku ya pili mtoto alijificha nyuma ya sketi ya mama kila baba aliposogea. Siku hiyo hiyo sajini alitoa amri mbili: mtoto aachishwe kunyonya kwa kuwa amekuwa mkubwa, na asiendelee kulala chumba kimoja na mama. Mama, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ndiye kamanda wa nyumba hiyo katika homa na katika njaa, alinyamaza. Kimya chake kilikuwa kizito kuliko ugomvi.

Usiku bibi alimkuta mwanawe nje, amekaa kwenye ngazi, buti zake ziko kando.

"Mama, hanijui," akasema.

"Hakujui, ndiyo," bibi akajibu. "Atakujuaje? Mwanangu, siku mtoto huyu alipokishika kigoda kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia atembee. Alishika, akaanguka, akashika tena, miezi miwili. Wewe umefika jana, leo unataka akimbie."

Sajini akakaa kimya.

"Na mkazamwana wangu usimpe amri juu ya jambo alilolibeba peke yake. Muulize kwanza."

Maneno ya bibi yanaafikiana na yale yaliyoonekana karibu na nyumbani. Mnamo 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao nyumbani kwao. Aliona kwamba mtoto anapoanza kutambaa humfanya mama kuwa kituo chake. Hutoka hapo, huenda kuchungulia ulimwengu, hurudi kumgusa, kisha hutoka tena. Akitokea mgeni, hukimbilia kituoni. Habari hizo alizichapisha mwaka 1967. Askari hapaswi kushindwa kuzielewa: hakuna kikosi kinachofanya doria bila kambi ya kurudia. Mtoto aliyemkimbia baba hakumchukia, alirudi kambini. Na kumjua baba si jambo ambalo mtoto huzaliwa nalo kama rangi ya macho. Nako ni ujuzi, nao hujengwa kwa mazoezi ya kila siku kama kusimama na kushika kijiko.

Asubuhi ya siku ya tatu sajini alivua sare, akavaa shati la nyumbani, akaketi kwenye pembe ya mkeka. Hakumwita mtoto. Alikuwa na majani makavu ya mgomba, akaanza kuyafunga mpira, kama alivyofanya alipokuwa mvulana. Mtoto alitazama akiwa magotini pa mama. Akaja hatua mbili, akarudi. Akaja hatua nne, akarudi. Sajini akausukuma mpira polepole, akatazama pembeni. Siku hiyo iliishia hapo.

Siku ya nne ulipoletwa uji, mama alimpa mumewe kijiko cha pili. "Oya," mtoto akasema. Katika gwaride hakuna mtu aliyewahi kumwambia sajini neno hilo. Akaweka kijiko chini, akangoja. Baadaye kidogo mtoto mwenyewe alikiokota, akakitia mdomoni mwa baba yake.

Usiku huo sajini alimwuliza mkewe habari za kunyonyesha. Mama akamweleza alivyoshauriwa, kwamba kunyonya hadi miaka miwili na zaidi kunafaa pamoja na chakula kingine, na kwamba wiki ya kurudi mgeni nyumbani si wiki ya kumwondolea mtoto faraja yake. Chumba nacho kikabaki kama kilivyokuwa. Sajini akakubali, akaomba apewe kazi moja iwe yake kila siku. Akapewa ya kumwogesha mtoto jioni.

Kazi moja ya kila siku ina thamani kuliko zawadi kumi za siku moja. Askari mwenye zamu za usiku aichague yake: uji wa asubuhi, kuosha miguu ya mtoto, au wimbo mmoja kabla ya kulala. Anayejiandaa kwa safari ndefu aache picha yake mahali ambapo mtoto anafikia kwa macho, aache pia sauti yake akimwimbia. Aliyebaki nyumbani alitaje jina la aliyeondoka kila siku, bila lawama. Na anayerudi aje kama mwanafunzi kwa wiki ya kwanza.

Likizo ilipokwisha, sajini alirudi kazini makao makuu. Jioni moja aliingia uani amechoka, akaketi ngazini, akavua buti na kuziweka kando. Mtoto akazitazama. Akaiendea moja, akaikumbatia kwa mikono miwili, akaiinua. Buti ilikuwa nzito. Mtoto akaketi kwa kishindo. Sajini akataka kunyanyuka, kisha akajizuia. Mtoto akasimama, akaiinua tena, akaenda tete nayo, mdomo ukiwa wazi kwa juhudi, mpaka miguuni pa baba yake.

"Papa," akasema, akamkabidhi.

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Safari hii hakugeuka kumtafuta mtu wa kumwambia.